Naombeni ushauri: huyu ni paka wa nyumbani au kimburu, yaani paka wa porini?

Wakuu, habari za jioni. Juzi tukivuna mtama huku Manyoni, mbwa walimkurupusha paka kichakani, akakimbia na kuacha mtoto mmoja. Nikambeba. Nyuma ya masikio ana wekundu kama kutu, miguu mirefu, mkia una pete nyeusi na ncha nyeusi. Nikimsogelea anatema "fyuu!" na kujibana nyuma ya debe. Mzee jirani ameapa kuwa ni kimburu.

Najua paka wetu wa nyumbani wametokana na kimburu wa Mashariki ya Kati, waliofuata panya kwenye ghala za wakulima wa kwanza. Kule Kupro amefukuliwa paka aliyezikwa kando ya mtu miaka kama 9,500 iliyopita. Hata huyu wangu wa jikoni kunywa maji kwake ni kwa nadra, ukame bado umo damuni.

Sasa, nimrudishe palepale jioni, mama yake amfuate? Au niwaone kwanza maofisa wa wanyamapori? Mke wangu anataka tumfuge, lakini nina dume hajahasiwa, na nasikia wakichanganyika ndipo kimburu halisi wanapopotea. Aliyewahi kukutana na hili anisaidie.