Mizabibu na mambo ya kale katika safari moja kutoka Kampala: Dodoma, Ziway au Naivasha?

Mwana wa Bombo
Ndugu zangu, salamu. Mimi na mke wangu, pamoja na mama yangu mzazi, tunakusudia kusafiri katika ukanda wetu ili tuone mashamba ya mizabibu na namna mvinyo unavyotengenezwa, na katika safari hiyohiyo tuzuru mahali pa historia. Mama hanywi kileo chochote, kwa hiyo mahali ambapo wageni huketishwa mezani na kuonjeshwa tu hapatamfaa. Yeye ni mkulima na anataka kuona shamba lenyewe. Nimebaki na njia tatu: Dodoma pamoja na michoro ya miambani ya Kondoa, Ziway nchini Ethiopia, au Naivasha nchini Kenya. Rasi ya Afrika Kusini, ambako zabibu zilikamuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1659, nimeiacha kwa sababu ya viza na nauli. Ningependa kujua ni wapi mizabibu na historia vinakaribiana kiasi kwamba hatutapoteza nusu ya safari barabarani.

Dereva wa Mutukula
Ndugu, kwa kigezo chako cha mwisho, Dodoma inatangulia. Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu, pako kando ya barabara ileile inayokwenda kaskazini hadi Kondoa, na barabara hiyo sasa ni ya lami. Mizabibu ilipelekwa huko na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya Misa, kisha wenyeji wakaifanya kuwa zao lao, na leo wakulima wengi wadogo wana mashamba ya ekari chache wanayoyahudumia wenyewe. Hilo ndilo litakalompendeza mama. Hombolo, iliyo kaskazini-mashariki mwa mji, kuna mashamba pamoja na usindikaji, ila piga simu kabla ya kwenda, kwa kuwa viwanda vya huko havikujengwa kwa ajili ya watalii, na mgeni asiyetarajiwa anaweza kuishia getini.

Ukipita kijiji cha Kolo, mbele kidogo ya mji wa Kondoa, utaikuta ofisi ya mambo ya kale. Hapo unajiandikisha, unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Eneo hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na lina mapango na miamba iliyojitokeza kama paa zaidi ya 150 katika kilomita za mraba 2,336. Michoro myekundu, yenye watu warefu wembamba na wanyama, ni ya wawindaji wa kale, na ile myeupe inahusishwa na wakulima waliofika baadaye. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Pango la Mongomi wa Kolo hadi leo wenyeji hulitumia kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, kwa hiyo ingieni kwa adabu ya mahali pa ibada.

Dada wa Jinja
Namheshimu Dereva, lakini naomba Ziway isipitwe haraka namna hiyo. Unaruka kutoka Entebbe hadi Addis Ababa, kisha unakwenda kusini kwa gari takriban kilomita 160 hadi mji huo, ambao siku hizi unaitwa pia Batu. Shamba la kampuni ya Castel ya Ufaransa ni kubwa, na chupa zake za kwanza zilitoka mwaka 2014. Anayetaka kuelewa utengenezaji wa mvinyo kwa kiwango cha kiwanda, kuanzia mzabibu hadi chupa, atajifunza mengi zaidi hapa kuliko Hombolo.

Historia nayo iko palepale ziwani. Kwa mashua unafika kisiwa cha Tullu Gudo, penye monasteri ambayo mapokeo ya wenyeji yanasema makuhani wa Aksum, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Ethiopia, walilificha Sanduku la Agano humo walipomkimbia Malkia Gudit. Wakati wa kurudi Addis Ababa, usifuate njia uliyoijia. Pitia Butajira, nawe utaiona Tiya yenye mawe 36 yaliyosimikwa, mengi yakiwa yamechongwa alama za panga, yaliyotambuliwa na UNESCO tangu 1980, na mbele yake kanisa la Adadi Mariam lililochongwa ndani ya mwamba. Watu wengi hutaja Lalibela wakisikia Ethiopia, lakini iko mbali kaskazini katika jimbo la Amhara, ambako mapigano yalizuka mwaka 2023, kwa hiyo kwa mama mzee sishauri.

Kijana wa Arua
Naivasha inafaa kwa mwenye siku chache na fedha kidogo. Mganda anaingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, mabasi ni mengi, mizabibu ipo, na Kariandusi yenye mashoka ya mawe ya kale iko jirani, upande wa Gilgil. Hata hivyo, nawaambieni kweli, mizabibu ya huko ni michache, na mtu aliyefunga safari kwa ajili yake atarudi na kiu.

Mwalimu wa Masaka
Ninakubaliana na Dereva, lakini kwa sababu nyingine ambayo naona haijatajwa. Dodoma ni nchi ya Wagogo, na Ugogo ndiyo njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, na kutoka Tabora hadi kwetu. Wasafiri Waingereza Speke na Grant walipita Ugogo, wakitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi, kabla Speke hajafika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Kiswahili tunachoandikiana hapa kiliingia Buganda kwa njia za misafara hiyohiyo. Kwa Mganda, basi, safari ya Dodoma inaeleza habari zake mwenyewe, jambo ambalo Ziway, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kumpa.

Nyongeza ndogo: mkirejea kwa barabara kupitia Mutukula, tengeni siku moja kwa Bigo bya Mugenyi kando ya mto Katonga, kwenye mahandaki ya kale ya zaidi ya kilomita kumi yanayohusishwa na Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Vijijini njiani mama anaweza kuona ndizi za mbidde zikikandwa kwa nyasi ili kutoa juisi, kabla haijatiwa unga wa mtama na kuachwa ichachuke kuwa tonto, pombe ya ndizi. Juisi hiyo mbichi yeye pia ataweza kuinywa.

Mwana wa Bombo
Nawashukuru sana. Dada wa Jinja, maelezo yako kuhusu Tiya yamenigusa, na kama tungekuwa wawili tu tungekwenda huko. Mwalimu ameniondolea shaka kuhusu Dodoma. Limebaki swali la miguu ya mama: je, michoro yote iko juu mlimani? Na ni miezi gani inayofaa?

Dereva wa Mutukula
Mongomi inahitaji gari lililoinuka na kupanda kwa miguu kwenye mawe, kwa hiyo mwambieni mwongozaji mapema kwamba mna mzee, naye atawachagulia mapango yenye njia nyepesi. Kuhusu miezi, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya mwanzoni mwa mwaka huangukia wakati wa mvua, ambapo njia za vumbi za kwenda mapangoni huwa mbaya. Mavuno ya Agosti na Septemba huangukia kiangazi. Nendeni wakati huo. Mkichoka na wazo la barabara ndefu ya Kahama na Singida, rukeni hadi Dar es Salaam kisha pandeni treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma kwa saa chache tu. Pasipoti ni lazima kwa Tanzania, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau.

Mwana wa Bombo
Basi itakuwa Agosti, kwa treni wakati wa kwenda na kwa barabara wakati wa kurudi, ili tupitie Bigo. Nitaanza kuwapigia simu watu wa Hombolo wiki hii.