Kwa nini milima ya Jura, isiyofikia kimo cha Usambara, ikawa nchi ya jibini kubwa?

Msoma Ramani

Ndugu zangu, ninajifunza kuhusu milima ya Jura iliyo mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, ambako hutengenezwa jibini iitwayo Comté. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Crêt de la Neige, kina mita 1,720 tu, ilhali Usambara hupita mita 2,200. Hata hivyo, kijiji cha Mouthe, kilicho chini ya mita 1,000, kiliwahi kupata baridi ya nyuzi 36.7 chini ya sifuri. Baridi hiyo inatoka wapi? Na je, hali ya hewa pekee inatosha kueleza kwa nini wakazi wake walishika kazi ya kutengeneza magurudumu ya jibini ya kilo 40 hivi, badala ya vipande vidogo?

Mwalimu wa Jiografia

Ndugu Msoma Ramani, kimo kisikupotoshe. Usambara iko karibu na nyuzi 5 kusini ya ikweta, nayo Jura iko karibu na nyuzi 47 kaskazini, ambako mchana wa Desemba una urefu wa saa nane na nusu tu. Mouthe, penye chemchemi ya mto Doubs, imekaa katika bonde lililozingirwa. Usiku ukiwa mtulivu na usio na mawingu, hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka miinukoni na kutuama humo. Ndivyo ilivyokuwa Januari 1968, kiwango hicho kilipopimwa.

Lakini linalomhusu zaidi mfugaji ni mvua. Nchi hii hupanda kwa ngazi kutoka magharibi kwenda mashariki, nyanda juu ya nyanda, na mawingu ya Atlantiki hulazimika kupanda nayo, kwa hiyo sehemu za juu hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, zikiwa zimegawanyika katika miezi yote. Hakuna masika wala kiangazi kama tunavyovijua sisi. Nyasi hustawi sana kuanzia Mei, kisha theluji hufunika malisho, na ng'ombe hukaa zizini miezi mitano au zaidi wakila nyasi zilizokaushwa.

Binti Mfugaji

Nashukuru kwa maelezo hayo, Mwalimu, ila naona hali ya hewa imeeleza tu kwa nini maziwa yalihitaji kuhifadhiwa. Ukubwa wa jibini haijaueleza. Gurudumu moja la Comté huhitaji lita 400 hivi za maziwa. Mfugaji wa zamani, mwenye ng'ombe wachache, asingeweza kuzipata peke yake kwa siku moja, na kwa sababu hiyo tangu karne ya 13 majirani waliunganisha maziwa yao katika ushirika unaoitwa fruitière, ambao unaendelea hadi leo. Jibini kubwa na ngumu ilivuka majira ya baridi na safari ndefu ya kwenda sokoni bila kuharibika.

Ardhi nayo ilichangia vingine ambavyo jibini huhitaji: chumvi na miti. Maji ya chumvi yalivutwa kutoka chini ya mji wa Salins, na katika karne ya 18 yakapelekwa kwa mabomba ya mbao, mwendo wa kilomita 21 hivi, hadi kiwanda cha kifalme cha chumvi cha Arc-et-Senans. Misitu ya misprusi, miti ya jamii ya msonobari, ilitoa kuni, na mpaka sasa hutoa mbao ambazo jibini huivia juu yake kwa muda usiopungua siku 120.

Msoma Ramani

Je, baridi inapoingia na maziwa yakapungua, ushirika hufanyaje?

Binti Mfugaji

Ndipo ilipotokea Mont d'Or, jibini ndogo na laini, inayofungwa kwa utepe wa gome la ndani la msprusi. Hutengenezwa kuanzia 15 Agosti hadi 15 Machi tu, katika eneo lililo juu ya mita 700.

Mwalimu wa Jiografia

Niongeze jambo linalonitia wasiwasi. Mwamba wa Jura ni wa chokaa, umejaa nyufa na mapango, na mvua huzama badala ya kukaa juu. Mwaka 1901 kiwanda cha pombe cha Pontarlier kilipoungua, pombe iliyomwagika mtoni Doubs iliibuka katika chemchemi ya mto Loue, ikadhihirika kwamba mito hiyo miwili imeungana chini ya ardhi. Kwa hiyo nchi yenye mvua nyingi hivyo inaweza kukauka haraka. Katika ukame wa 2018 na 2022 malisho yaligeuka rangi, na misprusi iliyodhoofika imeshambuliwa na mbawakavu wa magome. Kanuni za Comté zinakataza saileji, yaani nyasi zilizochachushwa, kwa hiyo nyasi zikikosekana katika majira ya joto, mfugaji hulazimika kuanza kutumia mapema akiba aliyoikausha kwa ajili ya majira ya baridi.