Mrejesho: kadi za Valentine na watoto, tumemaliza!

Jamani nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza ntatengenezaje kadi za Valentine na wanangu wawili, miaka 4 na 6, za kuwapa wenzao darasani bila kuishia kuzifanya zote mwenyewe. Zimeisha zote 36! Ile ya kukunja karatasi katikati nikachora nusu kopa kwenye mkunjo, mkubwa akakata mwenyewe, akifungua anakuta kopa kamili, alifurahi huyo akawa hataki kuacha. Mdogo mkasi bado, nikampa rangi awe anagonga dole gumba mara mbili, alama zimelala kidogo zinakutana chini inatokea kopa, na kusema kweli hizo ndo zimependeza kuliko zote. Gundi ya maji hapana, karatasi zilijikunja tukahamia ile ya kijiti. Tulifanya 6 tu kwa siku maana ikizidi wanachoka wanaanza kugombana. Majina nilimwomba mwalimu orodha, nisingependa mtoto hata mmoja arukwe. Mdogo kaandika herufi yake ya kwanza tu, inatosha kabisa. Asanteni sana, hasa aliyesema tuanze wiki nzima kabla.