Tupeane uzoefu: mzee aliyekulea kiimani katika jamii ndogo ya Kiyahudi

MwanaNabugoye
Shalom ndugu zangu. Mimi ni wa Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda. Babu zetu walianza kushika Torati mwaka 1919, kiongozi wetu wa kwanza, Semei Kakungulu, alipotahiriwa pamoja na wanawe. Idi Amin alipopiga marufuku dini yetu, wengi waliiacha, wakabaki mia chache tu. Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao.

Hakuwa rabi. Shule aliishia darasa la nne. Miaka ile ya Amin, Ijumaa jioni waliziba dirisha kwa gunia, naye akawasomea Zaburi kwa Kiganda, sauti ya chini mtoto aliyelala asiamke.

Mimi nilimkuta mzee tayari, akifagia sinagogi kila Ijumaa. Ukimwambia, "Mwalimu, nipe huo ufagio," anakuletea mwingine, mnafagia wote.

Siku moja nilisoma Torati mbele ya wageni nikaharibu Kiebrania vibaya. Hakuna aliyesema kitu. Sabato ilipoisha alikuja nyumbani, akaniomba nimfundishe kifungu kile kile. Alinisomesha mara tatu, taratibu, mpaka nikalisikia kosa langu mwenyewe. Akashukuru, akaaga. Mpaka leo nikifundisha vijana nakumbuka alivyonisitiri.

Nanyi je, nani aliwalea?

KahawaYaElgon
Mimi ni Mwislamu, lakini naomba nichangie. Tangu 2004 tunauza kahawa pamoja katika ushirika wa Mirembe Kawomera: Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Baba yangu alizikwa siku ya Jumamosi. Mzee mmoja wa Kiyahudi alikuja kwa miguu, maana Sabato hapandi gari, na kwao si karibu. Hakuomba kuzungumza. Alikaa mkekani na wazee wetu hadi jua likazama, ndipo akarudi. Dini yake sikuijua sana, ila siku hiyo niliiheshimu.

Jirani_Nairobi
Huku kwetu shida ni kutimia wanaume kumi, maana bila kumi kuna sala hatuwezi kusali. Mzee wetu huwa wa kwanza kufika, kumi wakosekane wapatikane. Mgeni akipotea ukurasa, humsogezea kitabu chake mwenyewe na kumwonyesha mstari kwa kidole. Mimi ndivyo nilivyojifunza kusali, kwa kufuata kidole chake.

MwanaNabugoye
KahawaYaElgon, pole kwa mzee, na asante sana. Karibu hapa kila wakati.

Umenikumbusha jambo. Sinagogi yetu kubwa ilipofunguliwa 2016, Mwalimu aliwekewa kiti cha mbele. Akakikalia mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaingia na kukosa nafasi. Tulipogeuka, mama yuko mbele, Mwalimu kasimama mlangoni na kitabu chake.

Wengine leteni zenu. Akina mama hasa, mbona hatujawasikia? Aliyenifundisha kuwasha mishumaa ya Sabato ni bibi yangu, naye nitamwandikia kesho.