Miezi minne baada ya kupasuliwa goti: siumwi, lakini bado ninachechemea

Mwalimu wa Arua

Ndugu zangu, salamu kutoka Arua. Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri wangu ni miaka 34, na naomba ushauri wa wenye ujuzi au wa waliopitia jambo hili. Kano ya msalaba ya mbele katika goti langu la kulia ilikatika nilipokuwa nikicheza mpira wa Jumapili na walimu wenzangu. Niligeuka ghafla hali mguu umekita chini, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na kufikia jioni goti lilikuwa limejaa kama papai. Nilipasuliwa Kampala, nikawekewa kano mpya iliyochukuliwa nyuma ya paja langu mwenyewe, na sasa nimo katika mwezi wa nne.

Goti haliumi. Magongo niliyaacha wiki ya sita, boda boda napanda bila shida, na goti halilegei tena kama lilivyokuwa likilegea kabla ya upasuaji. Hata hivyo natembea vibaya. Baraza ya shule yetu ina sakafu ya saruji, na wanafunzi wameniambia, kwa heshima kabisa, kwamba hunitambua kabla sijafika mlangoni, kwa sababu kiatu cha kushoto hulia kwa kishindo na cha kulia hugusa tu kikaondoka. Juzi niligeuza viatu nikavitazama: soli ya kushoto imelika kisiginoni kama kawaida, lakini ya kulia imelika mbele, na kisigino chake ni kama kipya.

Mazoezi ya fiziotherapia niliyapata mara mbili tu, maana safari ya basi hadi Kampala hunimalizia siku nzima. Nilikopasuliwa sikupewa maelekezo ya kuandikwa. Niliambiwa nitembee tu, mwendo utarudi wenyewe. Je, haya ni mazoea, ni udhaifu wa misuli, au kano mpya ni fupi? Na ikiwa siumwi, kuna ubaya gani nikiendelea hivi?

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kampala

Mwalimu, pole sana. Umefanya vyema kuzitazama soli, kwa kuwa zinaonyesha kwamba mguu wa kulia hautui kwa kisigino, na mguu usiotua kwa kisigino mara nyingi ni mguu ambao goti lake halinyooki.

Katika mwendo wa kawaida, kisigino kinapogusa ardhi goti huwa karibu limenyooka. Kisha hujikunja nyuzi 15 hadi 20 hivi likipokea uzito, huku misuli ya mbele ya paja ikilishikilia lisiporomoke. Hunyooka tena mwili unapopita juu yake, na mguu ukiwa hewani hujikunja hadi nyuzi 60 hivi ili vidole visikwaruze chini. Kano uliyoipoteza ilikuwa ikiuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wala usizunguke kupita kiasi. Misuli ya mbele ya paja, inapokaza hali goti limekaribia kunyooka, huuvuta muundi huo mbele kupitia kilegesambwa, kile kifuniko cha goti, yaani huusukuma kule kule ambako kano ilikuwa ikiuzuia kwenda. Ndiyo maana mwaka 1990 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wengi wa waliokatika kano hii walitembea kama wanaoikwepa misuli hiyo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hufanya hivyo, lakini goti kukakamaa na kujikunja kidogo mno linapopokea uzito ni jambo linaloonekana tena na tena, hata baada ya upasuaji. Kano mpya haibadilishi namna ubongo ulivyokwisha kuzoea kuuongoza mguu. Zaidi ya hapo, maji yakijaa gotini huzima sehemu ya misuli ya mbele ya paja bila hiari ya mwenyewe, hata ajitahidi vipi kuikaza.

Umeuliza ubaya uko wapi ikiwa huumwi, na hili ndilo linalonihangaisha zaidi. Gegedu la goti, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, limezoea kubebeshwa uzito kwa namna fulani, na linapoonewa huruma kupita kiasi nalo hudhurika. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2016, ingawa ulikuwa wa kundi dogo, ulionyesha kwamba waliolipunguzia mzigo goti lililopasuliwa katika mwezi wa sita hivi baada ya upasuaji ndio walioelekea kuwa na dalili za kuchakaa kwa goti baada ya miaka 5.

Kabla sijasema lolote la kufanya, naomba vipimo viwili. Lala kifudifudi, mapaja yote yakiwa kitandani na miguu ikining'inia nje kuanzia magotini, ulegee kabisa, kisha mtu apime kwa rula kisigino kimoja kimeuzidi kingine kwa sentimita ngapi. Halafu apime mzunguko wa kila paja, sentimita 15 juu ya kilegesambwa.

Mchezaji wa netiboli, Jinja

Kaka mwalimu, nami nilipasuliwa goti la kulia, na kilichonifumbua macho ni mizani miwili ya kusimamia. Mwalimu wangu wa mazoezi aliiweka sambamba, akaniambia nikanyage kila mmoja kwa mguu wake, nichuchumae nusu huku nikitazama mbele, yeye akasoma. Nilikuwa na kilo 60, na ningeapa kwamba nimezigawa sawa. Mguu wa kushoto ulikuwa umebeba 38 na wa kulia 22. Nililia siku ile, maana nilikuwa nikifanya mazoezi kwa bidii kila siku, kumbe mguu wa kushoto ndio uliokuwa ukiyafanya yote.

Tangu hapo kila zoezi nililifanya kwa mguu mmoja mmoja, na alfajiri nilitembea kinyumenyume uani, polepole, kwa sababu mwendo ule uliilazimisha misuli ya mbele ya paja kufanya kazi bila kunipa nafasi ya kuidanganya. Kushuka ngazi kulinichukua hadi mwezi wa saba baada ya upasuaji. Uwanjani nilirudi mwezi wa 11.

Mwalimu wa Arua

Nawashukuru sana. Mke wangu amepima kwa rula ya darasani: kisigino cha kulia kiko juu kwa sentimita 4, na paja la kulia limepungua sentimita 3. Nikijaribu kulinyoosha goti kwa mkono, halivuti nyuma. Linagota mbele, kama mlango uliowekewa kijiwe.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kampala

Mwalimu, sentimita moja ya kisigino ni takriban nyuzi moja ya goti, kwa hiyo unakosa nyuzi 4 hivi za kunyooka. Ni chache kwa kuzitaja, lakini zinatosha kabisa kukunyima kisigino. Kama goti lingevuta nyuma, ningekwambia tuendelee na mazoezi. Kwa kuwa linagota mbele, inawezekana kuna uvimbe wa kovu mbele ya kano mpya unaobanwa goti linapotaka kunyooka, na huo hauondoki kwa kutembea wala kwa kukandamizwa. Tafadhali usimruhusu mtu alisukume kwa nguvu. Mrudie daktari aliyekupasua, umweleze maneno hayo hayo ya mlango na kijiwe, na umwombe akuangalie kwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya goti inayopigwa kwa sumaku.

Wakati unasubiri, lala chali uweke kisigino juu ya taulo iliyokunjwa, goti lining'inie wazi kwa dakika 10, mara 4 kwa siku, ukikaza misuli ya mbele ya paja na kuilegeza. Na ingawa hutapenda kusikia, rudia gongo moja, ulishike kwa mkono wa kushoto, hadi utakapoweza kutembea bila kuchechemea. Kila hatua mbaya unayoitembea sasa ni mazoezi ya mwendo mbaya. Mpira usiufikirie kabla ya miezi 9 kutimia, na hata hapo ni baada ya kupimwa nguvu za miguu yote miwili.

Ukishapewa tarehe ya kumwona daktari, niandikie hapa kabla hujapanda basi, nikutajie vipimo vyote vya kuomba siku hiyo hiyo, usije ukalazimika kuirudia safari.