Mjadala: Wimbo ulimfanya Frankie Baker muuaji. Alistahili kulipwa?

Kibatari (mleta mada)
Wakuu, wimbo wa "Frankie and Johnny" wengi mmeusikia bila kujua kuwa Frankie alikuwa mtu wa kweli, na alikuwa hai wakati Marekani nzima inamwimba. Kwenye wimbo anakwenda baa, anaambiwa bwana wake, Johnny, yuko na mwingine, anamfuata na kummiminia risasi. Kuna beti zinazommalizia kitanzini.

Sasa sikieni yaliyotokea. Oktoba 15, 1899, mtaa wa Targee, St. Louis. Frankie, mwanamke mweusi wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akiishi na mpiga piano, Allen Britt, kijana wa miaka 17. Usiku ule Allen alikwenda kwenye mashindano ya dansi na binti mwingine, Alice Pryar. Kurudi alfajiri, ugomvi. Kwa maelezo ya Frankie, alikuwa kitandani, Allen akamjia na kisu, naye akachomoa bastola chini ya mto na kufyatua mara moja tu. Allen alifia hospitalini siku chache baadaye. Novemba mahakama ikamwachia Frankie: alijitetea. Mwenyewe alisimulia kuwa hata bastola yake alirudishiwa.

Wimbo haukungoja hukumu. Akahamia Omaha, akakuta umemtangulia. Akaenda Portland, Oregon, akafungua kibanda cha shushaina, bado watu wakamnyooshea kidole. Mwaka 1936 studio ya filamu ya Republic Pictures wakatoa filamu yenye jina la wimbo. Akawashtaki, akidai dola 200,000. Kesi ikasikilizwa mwaka 1942, palepale St. Louis. Akashindwa.

Mimi nasema alidhulumiwa. Nyie je?

Wakili wa Mtaani
Namhurumia, ila kesi yenyewe ilikuwa mtego. Ili alipwe ilibidi athibitishe kuwa Frankie wa kwenye wimbo ndiye yeye. Na yule ni muuaji, wakati yeye aliachiwa huru. Akikiri ndiye, kalivaa mwenyewe. Akikana, anadai nini? Watunzi wetu wa mipasho wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana jina hawataji: atakayelalamika kajitaja.

Kibatari
Wakili, lakini hawa jina walilitaja! Wakachukua jina, mwanamke wa pili na maiti, wakaacha kisu. Kisu ndicho kilichomtoa mahakamani. Kukiacha hicho peke yake mimi sikuiti usahaulifu.

Santuri ya Zamani
Mnasahau wimbo wa mtaani hauna mwenyewe. Kila mwimbaji anapunguza, anaongeza. Ungemshtaki nani, kijiwe kizima? Na upande wa filamu ulimleta mtaalamu wa nyimbo, Sigmund Spaeth, akasema wimbo una umri mkubwa kuliko tukio lenyewe.

Kibatari
Spaeth huyohuyo alikuwa ameshaandika kitabuni kuwa wimbo umetokana na kisa cha Frankie Baker. Alipofika kizimbani akageuka. Na sidai kijiwe kilipe, mkuu. Kijiwe hakikuuza tiketi. Studio iliuza.

Mwali
Tena hela ikiwepo, mwenyewe hupatikana haraka. Angalieni wimbo wa "Tom Dooley". Laura Foster aliuawa North Carolina mwaka 1866, Tom Dula, ndiye Dooley wa kwenye wimbo, akanyongwa kwa mauaji hayo mwaka 1868. Mwaka 1958 kundi la Kingston Trio wakaurekodi, ukauza mamilioni. Ukazuka mvutano wa mirabaha, na waliokuwa wameukusanya na kuuimba kabla yao wakapata mgawo. Sawa, haki yao. Lakini Laura hata jina halimo kwenye rekodi ile! Grayson, aliyesaidia kumkamata Tom, katajwa. Aliyeuawa ni "mwanamke" tu.

Santuri ya Zamani
Hapo kwa Laura nakubali. Kwa Frankie bado. Ukianza kulipa kila anayesema "ndiye mimi", hakuna atakayethubutu kuimba kisa cha kweli.

Mwali
Frankie hakuwa "kila anayesema". Kesi yake ya 1899 ipo kwenye kumbukumbu za mahakama. Alifariki mwaka 1952 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oregon.

Bi Mkubwa
Nimewasoma wote. Mnagombania jina la Frankie, na yule mtoto wa miaka 17 je? Mwanzoni mitaani walimwimba kwa jina lake, Allen. Baadaye akageuzwa Johnny. Frankie angalau aliweza kwenda mahakamani kusema "ni mimi". Ndugu wa Allen wangekwenda kudai kwa jina gani?