Naomba ushauri: rosta ya wauguzi 9 wodi ya wazazi, uchovu umezidi

Wakuu, hasa mnaopanga zamu, naomba ushauri.

Wodi ina wauguzi 9, zamu tatu. Rosta ya sasa inampa mtu usiku 7 mfululizo. Kufikia usiku wa nne uchovu unaonekana kwenye karatasi kabla ya usoni: mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo patografu (karatasi ya kufuatilia uchungu wa kujifungua) inataka kila nusu saa, yanajazwa kwa mkupuo alfajiri, 140, 140, 140, kwa mwandiko wa haraka haraka. Huo si uvivu. Kinachofuata ni kuwafokea wajawazito, kisha kuona kazi haina maana.

Mbadala ni mzunguko wa siku 9: asubuhi 3, mchana 2, usiku 2, mapumziko 2, kila muuguzi akianza siku moja baada ya mwenzake. Hesabu inakaa: kila siku watu 3 asubuhi, 2 mchana, 2 usiku. Ila siku ya kwanza ya mapumziko inaliwa na usingizi, maana mtu katoka zamu asubuhi hiyo hiyo. Na likizo: siku 28 mara watu 9 ni 252, yaani sehemu kubwa ya mwaka wapo 8, bado hujahesabu wanaougua.

Pengo hilo mnalitoa zamu ipi? Ukipunguza asubuhi, unagongana na raundi ya daktari na wanaoruhusiwa kwenda nyumbani. Na kupokezana usingizi wa dakika 30 usiku, mko wawili na mjamzito njia imeshafunguka sentimita 8, kunawezekana kweli au ni maneno ya semina?